Jina Lililobaki Pasuquin

Waipahu, Hawaii
12 Septemba 1988

Kwako bibi yangu, Apong Iska,

Naushika mkono wako na kuuweka kwa heshima kwenye paji la uso wangu, ingawa bahari yote iko katikati. Mimi ni Melinda, binti wa Fortunato, mjukuu wa mdogo wako Nina. Hujawahi kuniona, lakini mimi nakuona kila siku ukutani kwetu, umesimama karibu na sufuria ya kuchemshia chumvi na umekunja uso.

Telegramu ya baba ilikuwa na maneno saba tu, kwa hiyo naona ni haki yako nikueleze vizuri. Apong Nina alifariki tarehe 9 Agosti, asubuhi, akiwa ameketi jikoni anachambua majani ya mlonge. Hakuugua. Mama alitoka kuanua nguo, na aliporudi alidhani amesinzia.

Tulisali siku tisa. Watu walijaa mpaka wakakaa kwenye ngazi. Baada ya maziko tulikwenda ufukweni kuoshwa nywele kwa maji yenye majivu ya mpunga, kama mnavyofanya huko. Tatizo lilikuwa majani makavu ya mpunga, maana huku hakuna anayelima mpunga tena. Angkel Doming akaleta majani makavu kutoka kwa mtu anayefuga farasi, tukayachoma na kuyatia majini. Wanawake wakabishana kama chakula cha farasi kinafaa. Mwishowe shangazi yetu Nana Pilar akasema, "Osheni bwana, Nina mwenyewe angeshamaliza na kwenda kupika." Tukacheka huku tunalia.

Nataka nikuambie mambo yake usiyoyajua, kwa sababu barua zake zilikuwa fupi. Walipofika hapa mwaka 1946 alikuwa akifua nguo za vibarua kumi na wawili wasio na wake. Yeye alimtambua kila mmoja wao kwa harufu ya shati. Apong Lakay, mume wake, alipofariki, aliingia kiwanda cha kusindika mananasi, akakaa huko miaka ishirini na mitatu. Maji ya mananasi yalimla ncha za vidole mpaka vikawa laini kabisa, na alipokuwa akinisuka nywele sikuwa nasikia kucha. Sisi wajukuu watatu alitulea yeye, maana mama alikuwa akitandika vitanda hotelini. Nilipopata kazi ya ukarani katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, alinishonea sketi mbili na kuniambia, "Soma karatasi mpaka chini kabla hujatia sahihi. Chini ndiko wanakoficha mambo."

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza. Ni la ofisini tu, lisikusumbue. Je, nyumbani kwenu kulikuwa na mtoto aliyeitwa Eufrosina?

Mjukuu wako,
Melinda Agdeppa


Pasuquin, Ilocos Norte
24 Septemba 1988

Melinda,

Mungu akubariki. Mwandiko wako ni mzuri, lakini unaandika kama mtu anayetembea juu ya mayai. Ukiwa na kitu cha kusema, kiseme.

Picha hiyo niliyokunja uso ilipigwa siku ya jua kali na mpiga picha alikuwa mlevi. Mwambie baba yako atafute nyingine.

Asante kwa habari za mdogo wangu. Vidole hivyo sikuvijua. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa akiniandikia, "Mwaka ujao nitakuja, Manang, dada yangu." Na kila mwaka mimi mjinga napaka ukuta chokaa. Majirani walikuwa wakipita na kuniuliza, "Iska, arusi ya nani?" Mwaka wa kumi nikaacha kuwajibu, mwaka wa ishirini nikaacha kupaka. Nilidhani amekuwa bibi mkubwa wa Hawaii, anaona kinyaa moshi wetu. Sasa unaniambia alikuwa akimenya mananasi. Kwa nini basi hakuja? Na baba yako je, mwanamume mzima, hana miguu?

Kuhusu lile jina uliloandika: usiliandike tena. Nimelifuta kwa kalamu katika barua yako kabla ya kuiweka sandukuni. Mtoto aliyeitwa hivyo tuliachana naye mwaka wa ndui, na mama alikataza asitajwe ndani ya nyumba hii. Mimi nina miaka sabini na minane na sijamwasi mama bado. Umelipata wapi?

Escolastica Dumlao


Waipahu
6 Oktoba 1988

Apong Iska,

Nisamehe. Nilikudanganya kwamba ni jambo dogo. Hii ni karatasi ya tatu.

Apong Nina alipofariki, nilijaza kumbukumbu ya kifo chake kwa mkono wangu. Sheria ya ofisi yetu inakataza karani kushika faili la ndugu yake. Nililishika kwa sababu sikutaka mtu mwingine amwandike kwa haraka kati ya chai na chakula cha mchana. Niliandika: Saturnina Dumlao Agdeppa, kazaliwa Pasuquin, 12 Mei 1914. Nikala kiapo, nikapiga muhuri. Halafu, kwa kuwa napenda mafaili yaliyokamilika, nikaliandikia kanisa lenu kuomba nakala ya ubatizo wake.

Jibu lilifika siku mbili kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Kitabu kinawaonyesha watoto watatu wa baba yenu na mama yenu. Wewe, 1910. Kaka yenu Ambrosio, 1912. Eufrosina, 12 Mei 1914. Saturnina hayumo. Katibu wa kanisa ametafuta miaka kumi mbele na nyuma.

Na sasa wewe unaniambia Eufrosina mliachana naye mwaka wa ndui, na hatajwi.

Apong, naomba usinikasirikie kwa ninachofikiri. Nafikiri Eufrosina alifariki akiwa mtoto, na bibi yangu alikuwa mtu mwingine, labda yatima mliyemchukua, akapewa wazazi na siku ya kuzaliwa visivyo vyake. Nakumbuka alivyokuwa akijificha chooni mtu wa sensa akibisha hodi. Mama anasimulia kwamba mwaka 1955, siku ya kula kiapo cha uraia, ilibidi ashikiwe mkono ili uinuke. Kama aliingia nchi hii kwa karatasi za uongo, basi uraia wake si kitu, na wa baba, aliyekuja naye akiwa na miaka saba, si kitu pia. Mwaka huu redio haina habari nyingine ila watu wasio na karatasi halali.

Nilimgusia baba habari za kitabu cha kanisa. Alitoka nje akaanza kuosha gari alilokuwa ameliosha asubuhi hiyohiyo.

Kumbukumbu za mwezi Agosti zinafungwa tarehe 31 Oktoba. Baada ya hapo aliyeapa uongo hana pa kujitetea. Nimeandika maelezo ya yote niliyofanya, na Ijumaa tarehe 21 nitampa Bi. Kaneshiro, mkuu wangu wa kazi. Afadhali niyaseme mwenyewe kuliko wayakute. Kazi nitaipoteza. Ninachoogopa zaidi ni yatakayompata baba. Na hata nikinyamaza, jiwe la kaburi linachongwa mwezi ujao, nami sijui mle ndani tumemzika nani.

Nakuomba uniambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Melinda


TELEGRAMU
Laoag, 18 Oktoba 1988

USIMPE MKUU WAKO KITU. WOTE WAWILI NI MTU MMOJA. BARUA INAKUJA. ISKA


Pasuquin
18 Oktoba 1988

Melinda, mtoto mwenye kichwa kigumu kama babu zako wote,

Nimetoka Laoag sasa hivi. Nimekwenda na gari la biskuti, nimekaa kati ya makatoni, umri huu, ili nikutumie maneno hayo. Yule kijana wa posta aliniambia, "Bibi, punguza maneno." Nikamwambia, "Punguza wewe, mimi nina mtu anazama."

Sasa kaa chini unisikilize.

Mwaka 1919 ndui iliingia kijijini. Ilianza kwa Ambrosio na ikamchukua. Kisha ikamwangukia mdogo wangu. Alikuwa na miaka mitano. Alivimba, akaacha kula, akawa analia kama paka. Mama alikuwa ameshashona gauni la kumzikia, nililiona likining'inia. Ndipo akaitwa Apo Basiang, bibi aliyejua mambo hayo. Akamtazama mtoto, akasema, "Jina hili ugonjwa umeshalizoea. Mkimwita ninyi, na wenyewe unaitika. Mpeni jingine."

Huko kwenu labda hamfanyi tena. Huku kwetu mtoto akizidiwa anabatizwa chini ya sahani. Wanachukua ile sahani kubwa ya mti, wanamfunika kichwani, wanammwagia maji juu yake, anaitwa kwa jina jipya mara tatu, na sahani inapoinuliwa, la zamani linabaki chini yake. Mama alikuwa analia, hakuweza kufikiri jina lolote. Apo Basiang akanigeukia mimi. "Wewe, dada mtu, anaitwa nani huyu?" Nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu alikuwa na mbuzi aliyemeza shuka lote akapona, na mwenye mbuzi aliitwa Saturnina. Jina la mbuzi nilisahau, la mwenyewe nililikumbuka. Nikasema, "Saturnina."

Siku ya tatu aliomba uji.

Tangu hapo jina la kwanza halikutajwa. Mimi nililisahau mara mbili nikamwita hivyo mtoni, nikachapwa mara mbili, na mara ya pili baba ndiye aliyechapa, mtu ambaye hakuwahi kumpiga hata mbwa. Kanisani hatukwenda kulibadilisha. Kasisi wa siku hizo alikuwa akikemea mambo ya sahani kwenye mahubiri, nani angemwendea? Kitabu kikabaki vile. Shuleni aliandikwa Saturnina. Ameolewa Saturnina. Mwaka 1946, walipotaka watu wa kwenda Hawaii, vyeti vingi vilikuwa vimeungua vitani, ilitosha kula kiapo mbele ya meya na mashahidi wawili. Mmoja wa mashahidi alikuwa mimi. Nilisema ni Saturnina, na huo haukuwa uongo. Alikuwa Saturnina kwa miaka ishirini na saba.

Alijificha mtu wa sensa alipobisha kwa sababu alijua swali linalokuja: je, umewahi kuitwa jina jingine? Angejibu nini? Akikana, amedanganya. Akilitaja, anauonyesha ugonjwa nyumba yake ilipo, na ndani mna watoto. Basi akakaa chooni. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mashimo ya ngozi aliyokuwa nayo nyuma ya sikio la kushoto, aliwaambia ni ya nini?

Kosa ni langu pia. Ungeniuliza wazi, na mimi ningekujibu wazi. Lakini nilipoona jina lile limeandikwa kwa wino, mgongo ulinisisimka kana kwamba baba yuko mlangoni na fimbo. Kesho nakwenda kwa meya kula kiapo kingine. Nikimaliza nakitia kwenye bahasha.

Uliyemzika ni mdogo wangu. Chonga jiwe.

Apong wako,
Iska


Waipahu
2 Novemba 1988

Apong Iska mpenzi,

Alituambia mashimo yale ni ya mbu.

Telegramu yako ilifika Jumatano tarehe 19. Nami nilikuwa nimempa Bi. Kaneshiro maelezo yangu Jumatatu. Sikuweza kusubiri Ijumaa. Nilikuwa siwezi kumeza chakula, na mama alishaanza kuniuliza ni kijana gani.

Bi. Kaneshiro alichukua karatasi zangu nne, akaziweka kwenye droo, akasema, "Nitazisoma nikipata utulivu." Siku mbili nzima nilikuwa nikipiga chapa huku nikilitazama droo lile. Jumatano nikaingia na telegramu mkononi, nikamsomea. Akavua miwani.

"Melinda, kabati la chini kule nyuma unalijua?"

"Lile lililokwama, Bi. Kaneshiro?"

"Halijakwama, limeshiba. Nenda ukalifungue."

Apong, lina viapo vya watu wazima wenye majina mawili. Wafilipino, watu wa Okinawa, Wareno, wote wa mashambani. Waliobadilishiwa jina na mwajiri, waliolelewa na shangazi, waliokuwa na jina la nyumbani na la shuleni. Wamo na wa kwetu wawili kutoka Bacarra waliofunikwa sahani, na karani wa zamani ameandika pembeni kwa penseli: "Tena sahani." Utaratibu ni mmoja: ndugu mkubwa aliye hai anaapa, kiapo kinabandikwa, kumbukumbu inasomeka "aliyewahi pia kuitwa". Kisha faili linafungwa. Hakuna askari, hakuna uhamiaji.

"Baba yangu mimi alikuwa na majina matatu," akasema, "na kazini alichelewa kwa yote matatu." Halafu akaacha kucheka. "Lakini faili la bibi yako kulishika wewe mwenyewe, hilo ni kosa. Utapewa barua ya onyo. Ukae nayo mwaka mmoja, kisha nitaichana." Nikamshukuru kwa barua ya onyo. Akaniuliza kama nina homa.

Kiapo chako kilifika tarehe 28. Tarehe 31, saa tisa alasiri, nilisimama mlangoni nikamtazama mwenzangu akikibandika. Sikukigusa. Nilikwenda kununua mkate mtamu, nikala wote barabarani.

Lakini sikukuandikia kwa ajili hiyo tu. Barua yako nilimsomea baba gereji, kwa sababu huko ndiko anakosikiliza. Nilipofika kwenye sahani aliketi juu ya gurudumu. Nilipomaliza, alisema, "Soma tena pale pa kiapo." Nikasoma. Akasema, "Tena." Kisha akaweka uso kwenye kitambaa cha kufutia mafuta, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Nimeishi naye miaka ishirini na mitatu, sikuwahi kumwona hivyo. Mama akatoka na mwiko mkononi, "Nani tena kafa?" Baba akasema, "Hakuna. Hakuna aliyekufa. Leta bia."

Amesema atakuandikia mwenyewe. Hajawahi kuandika barua, kwa hiyo mvumilie.

Mjukuu wako anayekula tena,
Melinda


Waipahu
6 Novemba 1988

Nana Iska,

Ni mimi Fortunato. Melinda amenipa kamusi, nimemrudishia.

Melini nilikuwa na miaka saba. Siku ya nne mama mmoja wa Pasuquin, mzee, alimwita mama kwa sauti kutoka upande wa pili, "Eufrosina!" Mama alinifinya mkono mpaka ukawa na alama, akaniambia, "Hilo hukulisikia. Ukilisema tutaharibikiwa sote." Nikajua kwamba tumeiba jina la mtu. Hakunieleza, na mimi sikuuliza. Ningeuliza vipi? Mama mwizi, unamuuliza nini?

Mwaka 1960, nauli ilipotimia, alinituma kuchukua fomu ya pasipoti, anataka kuja kwako. Nikaisoma mpaka chini. Kuna mstari unaouliza majina yote uliyowahi kuitwa. Nikaikunja nikaitia kwenye tanuri la kiwanda cha sukari. Nikamwambia mwaka huu hawatoi fomu, tujaribu mwaka ujao. Mwaka uliofuata nikasema mfereji wa maji umebomoka, siwezi kuacha kazi. Kila mwaka nilikuwa na jambo. Alikuwa akinitazama, halafu anakwenda kukuandikia.

Nana, ule "mwaka ujao" ni wangu, si wake. Nilidhani namlinda. Hakukuona wewe kinyaa hata siku moja. Unaweza kunichapa.

Nimeshapiga picha ya pasipoti. Kwenye ule mstari, sehemu ya mama, nimeandika majina yote mawili, kwa herufi kubwa. Karani hakuinua hata kichwa.

Tutakuja Machi, mimi na Melinda. Hunijui sura. Nitavaa shati jekundu.

Fortunato


Pasuquin
19 Novemba 1988

Fortunato,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaikasirikia, mara ya pili nikailia, mara ya tatu nimeisoma huku nachochea moto na chumvi ikaungua. Chumvi hiyo utailipa kwa kubeba kuni.

Ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na miaka tisa nilipoambiwa nisiseme, na sijasema mpaka mwezi uliopita. Kila mmoja wetu alishika mdomo wake upande wake wa bahari, na katikati yetu mdogo wangu akawa anaandika "mwaka ujao". Kukuchapa ningekuchapa, lakini mkono wangu hauinuki kupita bega, na ningependa kuanza na mimi mwenyewe.

Jana nimefanya jambo. Nilisimama uani, nikalitaja lile jina. Kwanza kwa sauti ndogo. Kuku hawakujali. Nikalitaja kwa sauti kubwa. Jirani akachungulia juu ya ua, "Iska, unamwita nani?" Nikamwambia, "Mdogo wangu." Akasema, "Si ameshakufa?" Nikasema, "Ndiyo maana."

Nimenunua chokaa. Usije na makatoni ya sabuni na nyama ya kopo kama wanavyokuja wengine wa Hawaii, sabuni ninayo. Mlete yule mtoto anayeogopa karatasi, nimwonyeshe bibi yake alichezea wapi.

Na hilo shati jekundu liache hukohuko, utaonekana kama mgombea wa uchaguzi. Mkishuka sokoni, muulize mtu yeyote nyumbani kwa kina Nina ni wapi. Ukimkuta mzee wa rika langu, muulize nyumbani kwa kina Eufrosina. Litaje kwa sauti, usione haya. Ndui haiwezi tena kumpata.

Iska